Diski za Mbele

Mama aligoma kupanda gari langu siku ile ile tuliyoambiwa kwamba atapelekwa Nairobi kutibiwa. Hakugoma kwa kelele. Nilisimamisha gari mbele ya lango letu pale Gurei, mjini Juba, nikazunguka kumfungulia mlango, nikamkuta ameng'ang'ania kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Kisha akasema bila kunitazama, "Hii gari yako itaniua kabla ya ugonjwa. Kila ukishika breki inanishika mgongo. Mimi sipandi tena."

"Na airport tutaendaje, mama?"

"Sijui. Si wewe ndio unafanya kazi huko."

Kweli nafanya kazi huko, kwenye ofisi ya mizigo. Napokea makatoni yanayotoka Entebbe na Nairobi, napiga kelele na wapagazi, nagombana na wenye mali. Kazi hiyo haimpi mtu uwezo wa kumnyanyua mama yake mgonjwa kutoka Gurei na kumtua kwenye ngazi ya ndege. Nilichokuwa nacho ni kigari changu kidogo, na kigari hicho kilikuwa kinatetemeka.

Niseme kwanza ugonjwa wenyewe. Ulianzia kwenye titi, tukiwa bado Kitale, Kenya, mama akiuza chai na mandazi karibu na stendi na kutusomesha kwa hizo hizo mandazi. Ukatibiwa, ukatulia miaka, tukarudi nyumbani Juba, tukausahau. Uliporudi haukurudi kwenye titi. Uliingia kwenye uti wa mgongo. Daktari aliponiita pembeni aliniambia mambo mengi, na katika hayo yote mimi nilishika moja tu, kwamba mifupa ya mama imekuwa dhaifu na asitingishwe-tingishwe. Hilo nililielewa. Hilo lilikuwa jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi.

Gari lenyewe ni dogo la Kijapani, la mtumba, lililopitia Kampala kabla ya kunifikia. Usukani wake uko kulia, na hapa kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba ukitaka kulipita lori huoni kitu, mpaka utoe nusu ya gari upande wa wanaokuja, na kwa lori za Juba hilo ni kujitakia kifo. Wenye magari kama langu hutegemea macho ya aliyekaa kushoto. Kwangu mimi macho hayo yalikuwa ya mama. Alikuwa anainama kidogo kuelekea dirishani, anachungulia, anasema "Ngoja," au anasema "Pita." Hakuwahi kushika usukani maishani mwake, ila kwenye neno hilo moja sikuwahi kumbishia. Akisema pita, napita.

Kutetemeka kulianza kidogo kidogo wakati wa mvua. Ukikanyaga breki, usukani unacheza mikononi. Baadaye ikawa si usukani tu, ni gari zima, kuanzia miguuni mpaka kwenye meno, na kadiri siku ilivyokuwa na joto ndivyo lilivyozidi. Mama alikuwa anatoa sauti fulani kila niliposhika breki. Haikuwa kilio. Ilikuwa pumzi iliyovutwa kwa ndani, kupitia kwenye meno, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Niliichukia sauti hiyo kuliko sauti yoyote duniani, na kwa kuwa siwezi kumchukia mama nikazichukia breki.

Nilitafuta njia nyingine kwanza, nisije nikaonekana nimeng'ang'ania gari bovu. Jirani yetu ana gari kubwa la shirika, akanipa bila kinyongo. Mama alisimama mbele ya mlango wake, akatazama ngazi ya chuma ilivyo juu, akaugeukia ukuta. Hakuweza kuinua goti kiasi hicho. Raksha ya magurudumu matatu sikuitaja hata. Uzuri wa kigari changu ulikuwa kwamba kiti chake kiko chini: mama alikuwa anakaa kwanza, kinyumenyume, kisha mimi naichukua miguu yake na kuiingiza ndani, mmoja mmoja. Hakukuwa na gari jingine ambalo angeweza kuliingia bila kubebwa, na kubebwa hakutaka.

Nikamwambia, "Nitaitengeneza. Siku ya safari haitatetemeka. Nakuahidi."

"Haya," akasema.

Fundi wangu ni mtu wa makamo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ana gereji chini ya kibanda cha mabati, na redio ambayo huwa haizimwi. Alitoa magurudumu ya mbele, akapiga jicho, akaniita dada kama kawaida yake. "Siz, kuja uone. Hizi diski zimeisha. Ona hapa zimepinda, ona hapa zimechoma mpaka zikakuwa bluu." Nikapitisha kidole. Uso wa chuma ulikuwa na mabonde, na kwenye ukingo kulikuwa na mdomo mkali uliotaka kunikata. Pedi zenyewe, vile vipande vinavyoibana diski ili gari lisimame, zilikuwa zimelika upande mmoja zaidi ya mwingine. "Kuchonga haifai, zitabaki nyembamba sana. Nunua zingine. Beba sampuli."

Hapa kwetu hakuna anayenunua spea kwa kusoma namba. Unafungua kilichoharibika, unakitia kwenye gunia, unakwenda nacho sokoni, na muuzaji anakichukua na kukilinganisha na alivyo navyo mpaka apate pacha wake. Hiyo ndiyo sampuli. Magari yetu yamepita mikono mingi, yamebadilishwa injini na viti na taa, na namba iliyoandikwa kwenye chuma haimwambii mtu lolote. Sampuli haidanganyi, ndivyo tunavyoamini, na mimi niliamini hivyo pamoja na wenzangu wote.

Basi nikapanda boda na gunia langu mapajani, diski mbili na pedi zake, nguo za kazini zikiwa zimeharibika kwa kutu. Niliomba ruhusa ya mchana mmoja tu. Maduka ya spea ninayokwenda mengi ni ya Waganda, na nilianza na la kwanza bila kupumzika hadi nikafika kwa muuzaji mmoja mnene, mpole, ambaye ana msalaba mkubwa juu ya kaunta. Duka lake limejaa mpaka juu. Diski zinaning'inia ukutani kwa waya, ndogo na kubwa, kama sahani za jiko la harusi.

"Karibu, nyabo," akasema, yaani bibi kwa Kiganda. "Unatafuta nini?"

Nikamwaga gunia. Akazishika diski zangu, akazipindua, akasikitika kwa ulimi. "Hii ilikunywa moto mingi. Gari iko ya nani?"

"Yangu. Namtaka mama yangu asisikie breki. Nipe nzuri."

Alinitazama mara ya pili, kisha akaanza kazi kwa moyo. Alinitolea diski mpya za Kichina, zinang'aa kwa mafuta. Akanitolea za mtumba kutoka Japani, zenye kutu pembeni lakini nzito. Akanitolea nyingine kwenye boksi zuri sana, na nilipolishika boksi hilo wino ukabaki kidoleni, nikajua ni bandia, nikamrudishia. Alizilaza diski juu ya sampuli moja baada ya nyingine, tundu kwa tundu, akazigonga kwa spana na kutega sikio. Inayolia kengele ni nzima, aliniambia, na inayolia debe ina ufa. Nikagonga na mimi. Tukawa tunagonga wote wawili, wateja wanatutazama.

Juu ya kichwa chake kulikuwa na jozi nyingine ya mtumba, nene, yenye nafasi katikati, yaani nyuso mbili za chuma zilizoungwa kwa vijimbavu ili hewa ipite. Nikauliza hizo.

"Hizo nazo nzuri. Moto inatoka haraka. Lakini si ya gari yako, nyabo. Sampuli inakataa." Akashusha moja, akaiweka kando ya yangu. Yangu ilikuwa chuma kimoja kisicho na nafasi, nyembamba karibu nusu yake. Hata mtoto angeona. Nikamwambia arudishe juu.

Nikachagua za mtumba nyembamba, zilizolia vizuri kuliko zote. Kwenye pedi tulikaa muda mrefu zaidi. Kuna ngumu zenye vipande vya chuma ndani, hazimalizwi na vumbi la barabara zetu, ila zinapiga kelele na zinauma diski. Kuna laini, zinashika taratibu, kimya kabisa, lakini mvua mbili za Gurei na tope lake la mchanga zinazila zikaisha. Muuzaji alinishauri ngumu. Nilibonyeza ukucha kwenye laini, ukaacha alama, nikasema nipe hizi. Zingedumu muda gani halikuwa shauri langu. Nilihitaji zidumu mpaka uwanja wa ndege.

Jioni ile fundi alifunga, tukazunguka mtaani, gari likatulia. Nikaingia nalo uani kwetu, nikakanyaga breki mbele ya mlango makusudi, mara kadhaa, mama akiwa kwenye kiti chake cha plastiki anatazama.

"Umeona?" nikamwambia kwa dirisha. "Imepona."

"Nimeona," akasema. Alijisogeza kidogo kwenye kiti, akavuta pumzi kwa meno. Nikafikiri ni zile safari za wiki iliyopita bado zinamuuma.

Furaha yangu haikufika mbali. Siku mbili baadaye, narudi kutoka kazini kwenye jua kali, magari yamebanana, nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, nikasikia usukani umeanza kucheza. Kidogo kwanza. Nilipofika njia panda ya kuingia kwetu ulikuwa unanitikisa mabega. Nilisimama kando ya barabara nikaupiga kwa kiganja, nikatukana kwa Kiswahili, nikatukana kwa Kiarabu cha Juba, mwanamke aliyekuwa akiuza karanga pale akahamisha beseni lake. Tiketi ilikuwa ya wiki inayofuata. Mama alikuwa ameshaanza kuzikunja leso zake.

Sikumwambia. Kesho yake alfajiri nikawa kwa fundi kabla hajafungua.

"Toa tena," nikamwambia. "Zote. Mbele yangu."

Akatoa. Nilichuchumaa pale kwenye mafuta na sketi yangu ya kazi, nikawa namulika kwa simu. Akaivuta kalipa, lile taya la chuma linaloshika pedi na kuzibana kwenye diski. Pedi zikatoka, na nyuma ya kila pedi kikatoka kipande cha bati nene, kimekatwa kwa mkono, kimepakwa rangi ya bluu upande mmoja. Nikakiokota. Rangi ile naijua. Ni rangi ya milango ya chuma ya nusu ya nyumba za Juba, pamoja na mlango wetu.

"Hii ni nini?"

"Hiyo? Tuliikuta nayo."

"Nauliza ni ya nini."

Akajikuna shingo. "Ya kujaza, siz. Nafasi ilikuwa kubwa. Nilikuta iko, nikarudisha vile ilikuwa."

"Nafasi ilikuwa kubwa kwa nini?"

Fundi akaichukua diski, akaiingiza kwenye taya la kalipa, ikacheza humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Tukatazamana. Gari lile lilitengenezwa kuvaa diski nene, zile zenye nafasi katikati. Mtu mmoja huko nyuma, Kampala au hapa hapa, alikosa nene akafunga nyembamba, akaona breki hazishiki, akakata mlango wa watu akajaza pengo. Chuma chembamba hakihimili moto wa taya kubwa, kinapinda. Aliyenunua akalikuta hivyo. Fundi wake akalikuta hivyo. Mimi nikalikuta hivyo, pedali ikishuka mpaka karibu na sakafu, nikadhani ndiyo tabia ya gari, na kwa tabia ya magari ya Juba hiyo haikuwa mbaya. Na nilipotaka kulitengeneza nilibeba kosa lile lile kwenye gunia, nikalizungusha sokoni mchana mzima, nikanunua pacha wake.

Nilitaka kumkasirikia fundi, lakini alikuwa amejikunyata, ameishika spana kama mtu aliyeitwa mbele ya mwalimu, na alichofanya ndicho ambacho kila fundi wa mji huu angefanya. Mtu aliyekata mlango sikumjua. Nikakaa juu ya tairi nikalia kidogo. Fundi akapunguza redio, na huo kwake ni mkono wa pole mkubwa sana.

Nilirudi kwa muuzaji bila diski. Nilibeba kalipa peke yake. Za nene zilikuwa bado zinaning'inia juu ya kichwa chake.

"Nipe hizo."

"Lakini nyabo, ulizikataa."

"Sampuli ndiyo ilizikataa."

"Na sasa umeleta sampuli gani?"

"Sikuleta. Ile ilikuwa ya uongo."

Akasita. Mtu mzima, mnene, mwenye duka lililojaa, akaogopa kuniuzia kitu bila pacha wake. "Bila sampuli mimi iko na wasiwasi," akasema. "Kesho utarudi unalia hapa." Nikamwekea kalipa kwenye kaunta, nikamwomba ashushe diski moja aipime humo. Akaiingiza. Ikaingia, pedi mpya kila upande, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya unene wa karatasi. Hakukuwa na mahali pa kutia kipande cha mlango. Akatikisa kichwa kwa muda, kisha akaanza kuzifunga kwenye gazeti. Nilichukua pedi laini tena. Aliponiaga alisema, "Msalimie mama. Mungu akusaidie," nami nikasema amina, na siku ile nilimaanisha.

Safari hii sikutoka pale gereji. Nilimsimamia fundi akisugua habu kwa brashi ya waya, pale diski inapokaa, mpaka kutu yote ikatoka na chuma kikang'aa, maana nilikuwa nimeshakuwa mjuaji na sikutaka punje ya mchanga iniharibie. Alivumilia. Alipomaliza akafuta mikono, akaniambia, "Sasa usizishike kwa nguvu leo. Zizoeshe. Kanyaga kidogo, achia, kanyaga kidogo, achia. Zikipata joto, ziache zipoe."

Nikatoka nje ya mji, upande wa Lemon Gaba, ambako magari hupungua. Nikasimamisha chupa ya maji kwenye kiti cha mama, nusu imejaa, bila kifuniko. Nikaongeza mwendo, nikakanyaga polepole, maji yakainama yakarudi. Nikaachia. Nikaongeza tena. Harufu ya pedi mpya ikaingia ndani, kali, ya kuungua, nami nikaivuta kwa raha. Askari aliyekaa kivulini kando ya njia aliniona nikienda na kurudi, akasimama katikati ya barabara na kuinua mkono.

"Breki taban?" akaniuliza. Alidhani zimechoka.

"Zilikuwa taban," nikasema. "Sasa kwes," yaani ni nzuri.

Akachungulia ile chupa, akanitazama usoni, akaamua nina kichaa kisicho na madhara, akanipisha. Nikaendelea mpaka jua likainama. Nilishika breki kwa nguvu, nikashika kwa upole, kwenye mteremko, kwenye matuta, diski zikiwa zimeshika moto kabisa, na usukani ukabaki umetulia mikononi mwangu kama mkate. Tone moja tu la maji lilimwagika. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipofurahi kiasi kile. Niliimba njia nzima ya kurudi, wimbo wa kanisani, na sijui kuimba.

Siku ya safari wanawake wa kanisa walikuja asubuhi, wakamwombea, wakamfunga leso yake nzuri ya Kitale. Mdogo wangu angempokea Nairobi. Mimi nilinyimwa likizo mpaka mwisho wa mwezi, na mwenzangu wa kazini alikuwa ameahidi kiti cha magurudumu mlangoni. Kila kitu kilikuwa tayari. Mama akakaa kwenye kiti kinyumenyume kama kawaida yake, nikaichukua miguu yake, nikaiingiza. Ilikuwa miepesi mno. Nikafunga mlango polepole, nikazunguka, nikawasha.

"Leo utaona," nikamwambia. "Utasinzia."

"Haya, twende."

Tulivuka mashimo ya mtaa wetu taratibu sana, naye alivumilia, mashimo ni mashimo. Tukaingia kwenye lami. Kwenye njia panda ya kwanza nikakanyaga breki mapema, kama nilivyojizoesha, na gari likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama. Halikutetemeka. Usukani haukucheza. Ungeweza kuweka kikombe cha chai kwenye dashibodi kisimwagike.

Na mama akavuta ile pumzi kwa meno.

Nilifikiri ni mashimo ya nyuma yanamfuata. Tukaenda. Raksha ikasimama mbele yetu kushusha abiria, nikakanyaga kwa upole kuliko hata mara ya kwanza, na sauti ikatoka, ile ile, urefu ule ule. Kwenye kizuizi cha mbele niliiachia gari itambae yenyewe mpaka ikafika, nikagusa pedali kwa ncha ya kiatu. Sauti ikatoka. Mwili wake ulikuwa umesogea mbele kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na hicho kilitosha.

Hapo nikaanza kuzikumbuka sauti nyingine, ambazo nilikuwa nazisikia siku zote. Aliitoa akigeuka kitandani, nami nikiwa chumba cha pili. Aliitoa akiinuka kwenye kiti cha plastiki. Aliitoa nilipokuwa najitapa uani na breki zangu za kwanza, na hakuwa ndani ya gari lolote. Kulikuwa na sauti ile kila mahali katika nyumba yetu, ambayo haina diski wala pedi, na mimi nilikuwa nimeisikia yote nikaipeleka kwa fundi. Diski inafunguliwa. Inabebwa kwenye gunia, inatafutiwa nyingine. Uti wa mgongo wa mama yangu sikuwa na pa kuupeleka, ila kwenye ile ndege.

Sikumtazama moja kwa moja. Nilitupa jicho kwenye mkono wake uliokuwa juu ya dirisha. Ulikuwa umekishika kishikio mpaka viungo vya vidole vimekuwa vyeupe, na leso ilikuwa imemteleza begani bila yeye kuirudisha.

"Hii gari imepona," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haitetemeki hata kidogo. Umefanya kazi."

"Nilibadilisha diski. Zile za mwanzo hazikuwa zake."

"Naona. Sasa ni nzuri." Akapumua. "Umejisumbua sana."

Alikuwa anasema kweli, gari lilikuwa limepona. Nilikuwa na jambo moja tu la kufanya, kuendesha, nikaendesha. Niliacha karibu kabisa kutumia breki zile. Nilikuwa naondoa mguu kwenye mafuta mbali sana, gari linapunguza mwendo lenyewe, walio nyuma wanapiga honi na kunipita wakinitukana kwa lugha zote za mji huu.

Kabla ya kufika tulikutana na lori la maji, linakwenda kwa mwendo wa konokono, linadondosha maji njia nzima. Nikakaa nyuma yake. Nilikuwa tayari kukaa hapo mpaka mwisho. Lakini mama akakiachia kishikio, akashika ukingo wa kiti, akainama kuelekea dirishani polepole, kidogo kidogo, na uso wake ukakunjamana.

"Mama, usi..."

"Ngoja," akasema. Akachungulia. Pikipiki mbili zikapita, na basi moja. "Ngoja." Kisha akasema, "Pita," nikapita.

Kwenye uwanja mwenzangu alikuwepo na kiti cha magurudumu kama alivyoahidi. Nilitoa miguu ya mama mmoja mmoja, tukamhamisha. Alinishika shavu kwa kiganja kilichokuwa na baridi, akaniambia niwe nakula, nisije nikaishi kwa chai. Wakamsukuma ndani. Mahali ninapofanya kazi kila siku, penye mlango ninaoufungua kwa kitambulisho changu, nilisimama nje kama abiria aliyeachwa.

Wakati wa kurudi barabara ilikuwa imejaa. Mbele yangu kulikuwa na lori jingine la maji, linasimama kila lango la watu kujaza mapipa. Kila liliposimama nami nilisimama, na gari langu lilisimama vizuri, kimya, bila kutetemeka. Nyuma walipiga honi nipite. Kwenye kiti cha kushoto kulikuwa na ile chupa ya maji tu, nikabaki nyuma ya lori mpaka Gurei.